Jina la Damu, Tabia ya Upole

Askari wa wanyamapori anayefanya kazi na mbwa akiona nyayo za jangili, jambo la kwanza ni kuwazuia wenzake wasizikanyage. Hulaza kipande cha shashi safi juu ya unyayo mmoja, akakiacha kinywe harufu, kisha humletea mbwa akinuse. Mbwa huvuta pumzi mara mbili tatu, huinamisha kichwa hadi masikio yakagusa vumbi, halafu kamba hukazika. Kuanzia hapo, anayeongozwa ni binadamu.

Mbwa huyo mara nyingi ni bladihaundi. Jina lake kwa Kiingereza lina neno damu ndani yake, na watu hulisikia wakadhani ni mbwa wa kurarua. Wapo wanaosema jina lilitokana na kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa; wengine wanasema lilimaanisha mbwa wa damu safi, yaani wa ukoo uliotunzwa. Vyovyote iwavyo, kurarua hakumo. Mwisho wa njia, bladihaundi humkuta mtu aliyemfuata saa nzima, akamtikisia mkia. Kukamata ni kazi ya askari, na ndiyo sababu askari huenda naye wakiwa na silaha.

Asili yake ni misitu ya Ardennes, katika Ubelgiji ya leo. Huko palikuwa na monasteri iliyoitwa kwa jina la Mtakatifu Hubert, askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, ambaye Wakatoliki humheshimu kama msimamizi wa wawindaji. Watawa walifuga mbwa wakubwa wa kunusa, na desturi yao ikawa kumpelekea mfalme wa Ufaransa baadhi yao kila mwaka. Wafaransa bado wanamwita mbwa wa Mtakatifu Hubert, ingawa aliyemlea hadi akawa na sura tunayoijua ni Mwingereza.

Na Mwingereza huyo huyo aliwahi kushindwa kumtumia. Mwaka 1888, London ilipotetemeshwa na muuaji aliyepewa jina la Jack the Ripper, mkuu wa polisi Charles Warren aliagiza bladihaundi wawili, Barnaby na Burgho, wajaribiwe katika bustani za jiji. Warren mwenyewe alijitolea kuwindwa. Majaribio yakaisha, mbwa wakaondoka. Tarehe 9 Novemba ulipogunduliwa mwili wa Mary Kelly, anayehesabiwa kati ya waliouawa na muuaji huyo, polisi walisimama nje ya mlango kwa zaidi ya saa mbili wakingoja mbwa ambao hawakuwa njiani, hadi mtu akaja kuwaambia kwamba amri ya kuwaleta ilikuwa imefutwa. Naona kisa hiki kina faida kwa yeyote anayetaka kuanzisha kikosi cha mbwa: pua peke yake haitoshi, lazima mbwa awe karibu, na anayemwongoza awe amemzoea.

Harufu yenyewe ni nini? Ngozi zetu hupukutisha chembe kila dakika, ndogo kuliko unga. Bakteria huzishambulia, na kila mtu hutoa mchanganyiko wake, unaomtofautisha hata na ndugu yake. Chembe hizo hazianguki wima. Upepo huzisukuma pembeni, zikanasa kwenye majani au kwenye ukingo wa mtaro. Ndiyo maana mbwa mzuri anaweza kutembea hatua kadhaa kando ya nyayo zinazoonekana, na mwongozaji mgeni akamvuta arudi akidhani amepotea. Kosa hilo huharibu kazi nyingi kuliko mvua. Unyevu wa alfajiri huitunza harufu. Jua la saa sita mchana huikausha, na mbwa naye huchoka haraka.

Binadamu ana vipokea harufu milioni 5 hivi. Bladihaundi hukadiriwa kuwa na zaidi ya milioni 200. Husemwa pia kwamba masikio marefu huzoa harufu kutoka chini na mikunjo ya uso huihifadhi. Mimi naona pua inatosha kueleza sifa zote, na hayo mengine ni mzigo wa matunzo.

Mzigo kweli. Sikio linaloning'inia halipati hewa, kwa hiyo lisafishwe kila wiki na likaushwe. Ukisikia harufu kama ya chachu, tayari kuna maambukizi. Kope za chini hulegea zikakusanya vumbi. Mikunjo ipanguswe. Hatari kubwa zaidi ni tumbo kujaa gesi na kujipinda: mbwa hutaka kutapika bila kutoa kitu, na tumbo linakaza kama ngoma. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Ni upasuaji, tena siku hiyo hiyo. Mlishe mara mbili kwa siku badala ya sinia moja kubwa, na usimkimbize mara baada ya kula. Dume hufika kilo 50, na wengi hawavuki miaka kumi.

Huku kwetu ongeza kupe na mbung'o. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ambako kikosi cha bladihaundi kilianzishwa mwaka 2011, na katika hifadhi za Kenya kama Mara Triangle, mbwa aliyetoka Ulaya au Marekani hukutana na magonjwa ambayo mwili wake haujawahi kuyaona. Kukaguliwa kila jioni, kidole kwa kidole na ndani ya masikio, ni sehemu ya kazi kama ilivyo kunusa.

Kwa anayemtaka nyumbani: ua uwe mrefu na usiwe na tundu. Akishika harufu hasikii jina lake, hasikii hata honi ya lori, basi barabarani asifunguliwe kamba hata siku moja. Watoto atawavumilia kuliko unavyowavumilia wewe. Na weka taulo kila mlango, maana akitikisa kichwa, udenda hufika ukutani, na siku nyingine hadi darini.