Lisbon au Porto: siku zako nne uzipeleke wapi?

Swali la Lisbon au Porto huletwa na watu wa aina mbili. Wapo wanaoishi Uingereza, Uholanzi au Ujerumani, waliopata wikiendi ndefu na tikiti ya bei nafuu. Wapo pia wanaotoka Nairobi au Dar es Salaam kwa mkutano au kumtembelea ndugu, wakataka kuchomoa siku chache za kupumzika kabla ya kurudi nyumbani. Wote huja na orodha: vivutio vya Lisbon upande huu, vya Porto upande ule. Orodha ya Lisbon, mji mkuu wenye wakazi zaidi ya nusu milioni, daima ni ndefu kuliko ya Porto, mji usiofika hata nusu ya hapo. Kwa hiyo Lisbon hushinda kabla mjadala haujaanza.

Orodha hazisaidii. Katika likizo fupi cha kupima ni saa utakazobaki nazo ukishaondoa foleni, vilima na safari za kwenda na kurudi. Kwa kipimo hicho, mwenye siku tatu namwambia aende Porto. Mwenye tano au zaidi, Lisbon. Mwenye nne ndiye wa kukaa naye chini tukazungumza, na kuna mtu mmoja, wa pwani yetu, ambaye namruhusu avunje kanuni yote hii. Nitamfikia.

Tuanze na ardhi. Lisbon imekaa juu ya vilima, pale mto Tejo unapopanuka kabla ya kuingia Atlantiki. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko kubwa liliuangusha mji. Mawimbi ya bahari yakafuata, na moto ukamalizia. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliusimamia ujenzi mpya wa sehemu ya chini, Baixa, kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko. Alfama, mtaa wa kilimani, ulinusurika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana vichochoro vyake vinajipindapinda mpaka leo. Nayasema haya kwa sababu ya miguu yako. Baixa ni tambarare. Karibu kila utakachotaka kukiona baada ya hapo kiko juu.

Na njia za kupandia zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe vya chokaa, vilivyosuguliwa na soli za viatu miaka nenda miaka rudi hadi vikang'aa. Manyunyu kidogo tu, vinateleza vibaya sana. Mwenye mzee wa kumshika mkono, au mtoto kwenye kigari, apange kilima kimoja kwa nusu siku, asipange viwili. Tramu namba 28, ile ya manjano ya kwenye picha, hupanda vilima hivyo, lakini imeshakoma kuwa usafiri, imekuwa kivutio. Foleni ya kituo cha kuanzia, Martim Moniz, mchana wa kiangazi inaweza kukula saa nzima, na ndani ya tramu wezi wa mfukoni wanafanya kazi yao kwa raha. Ukitaka kuipanda, ianzie mwisho wa pili wa njia, Campo de Ourique, kabla ya saa tatu asubuhi. La sivyo panda basi la kawaida, linafika kulekule.

Halafu kuna Sintra, mji mdogo wa majumba ya kifalme, kama dakika 40 kwa treni kutoka stesheni ya Rossio. Kila anayekwenda Lisbon huambiwa asiikose, na kwa kweli Jumba la Pena, lililopakwa nyekundu na manjano juu kileleni, linastahili sifa zake. Lakini Sintra ni siku nzima: treni, foleni ya basi la mlimani, tikiti ya Pena yenye saa maalumu ya kuingia, kuzunguka, kushuka, treni tena. Ongeza siku moja ya Belém, kitongoji cha magharibi chenye makaburi na minara ya wafalme. Siku zako nne zimebaki mbili, na saa za mbili hizo zinagawanywa na uwanja wa ndege. Mji wenyewe utauona lini?

Porto hauna mtego huo. Mji wa kale unateremka kutoka mnara wa Clérigos hadi ukingo wa mto Douro, na kuuteremka ni kama robo saa. Kuupanda ni habari nyingine, ila ni mlima mmoja, na ukishaupanda umeupanda. Njiani unaingia stesheni ya São Bento. Kuta za ukumbi wake zimefunikwa kwa vigae kama 20,000 vya bluu na nyeupe, kazi ya Jorge Colaço mwanzoni mwa karne ya 20. Abiria wanaoikimbilia treni ya Braga hupita chini ya picha kubwa ya kutekwa kwa Ceuta mwaka 1415 bila hata kuinua macho. Hakuna tikiti wala foleni, unasimama katikati ya watu na mizigo yao ukitazama juu. Duka la vitabu la Lello, la mwaka 1906, nalo ni zuri sana, lakini siku hizi kuingia ni kwa kulipia na foleni huzunguka kona. Mimi huliruka.

Kitu cha Porto ni daraja. Dom Luís I lilifunguliwa mwaka 1886, mchoro wa Théophile Seyrig, aliyewahi kuwa mshirika wa Gustave Eiffel. Tao la chuma la mita 172 limebeba njia mbili: ya chini iko usawa wa gati, ya juu inaunganisha vilele vya kingo zote mbili. Hiyo ya juu imeachiwa treni za metro na waenda kwa miguu, kwa pamoja. Treni huja mwendo wa polepole, dereva akionya kwa kengele. Watu wanasogea pembeni, wanashika ukingo wa chuma, sakafu inatetemeka kidogo chini ya nyayo. Behewa la mwisho likipita wanarudi katikati kuendelea na picha zao. Anayeogopa kimo atumie njia ya chini, ambako kiangazi utawakuta vijana wa mtaani wamekaa juu ya vyuma vya ukingo, wakichangisha sarafu kwa watazamaji kabla ya kujirusha mtoni.

Ng'ambo ni Vila Nova de Gaia, ambao kwa utawala ni mji mwingine kabisa, wenye maghala ya mvinyo uliolipa Porto jina duniani. Mashamba ya zabibu zake, mbali juu ya bonde la Douro, yaliwekewa mipaka ya kisheria mwaka 1756 na Pombal yuleyule aliyeijenga upya Lisbon. Asiyekunywa hapungukiwi kitu. Porto huonekana vizuri zaidi ukiwa Gaia, na bustani ya Jardim do Morro, kwenye kichwa cha daraja, haina kiingilio.

Kasoro ya Porto ni mvua. Porto hupata zaidi ya milimita 1,100 kwa mwaka, Lisbon kama 700 na ushee, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Oktoba na Machi. Si mvua ya kwetu ya kumwaga na kukoma. Ni manyunyu yanayokaa siku nzima pamoja na ukungu wa baharini, na nyumba za mawe ya matale zinakuwa na rangi moja na mbingu. Kwa hiyo anayesafiri kati ya Novemba na Februari, hata akiwa na siku tatu tu, namgeuza aende Lisbon. Angalia pia urefu wa mchana. Mwezi Juni jua la Lisbon huzama baada ya saa tatu usiku. Desemba huzama saa kumi na moja na robo jioni. Anayekwenda Desemba amenunua tikiti ya siku nne akapewa mchana wa siku tatu. Na bahari, kwa aliyezoea Bahari ya Hindi, ni ya kutazama tu, hata Agosti.

Sasa mtu wa pwani. Lisbon ina jumba la makumbusho liitwalo Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, juu kidogo ya bandari. Humo imo monstransi ya Belém, chombo ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili iabudiwe. Ni ya dhahabu yenye vipambo vya rangi vya enameli, kimo chake ni zaidi ya sentimita 70. Katikati yake mitume 12, vijisanamu unavyoweza kuvificha kiganjani, wamepiga magoti kwa duara. Ukiinama utazame kitako chake utakuta maandishi yanayozunguka, nayo yanaeleza bila kificho kwamba Mfalme Manuel I aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506.

Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, mpaka akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kumlipa dhahabu kila mwaka. Dhahabu yenyewe ilichimbwa bara, nyanda za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, na biashara hiyo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Mzigo wa kwanza ulifika Lisbon ukaingia mikononi mwa sonara Gil Vicente. Kabla hajamaliza kazi, mwaka 1505, jeshi la Wareno chini ya Francisco de Almeida lilikuwa limekwisha kuipora Kilwa yenyewe. Baadaye mfalme akaiachia monstransi nyumba ya watawa ya Jerónimos, Belém, ambayo ujenzi wake uligharimiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia kanisa la Jerónimos, kaburi la Vasco da Gama liko hapo karibu na mlango.

Mtu aliyetembea kwenye magofu ya Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani, sioni kwa nini ajinyime siku hii moja. Asubuhi Jerónimos, mchana jumba la makumbusho. Tramu namba 15 inapita ukingoni mwa mto kati ya mahali hapo pawili. Apewe Lisbon hata kama siku zake ni tatu, ila aisahau Sintra. Aepuke Jumatatu, siku ya mapumziko ya makumbusho mengi ya Ureno, na kabla ya kukata tikiti ya ndege ahakikishe kuwa chumba cha monstransi kiko wazi, maana jumba hilo huwa na ukarabati.

Kwa Waislamu Lisbon ni rahisi zaidi. Msikiti Mkuu ulifunguliwa mwaka 1985 karibu na Praça de Espanha, na waumini wake wengi wana asili ya Msumbiji. Chakula cha halali hupatikana bila taabu mitaa ya Martim Moniz. Chakula kinachojivuniwa na Porto, francesinha, ni mkate uliojazwa nyama ya nguruwe na soseji, ukafunikwa jibini na mchuzi wenye bia, kwa hiyo wengi wetu kitatupita. Panda metro hadi Matosinhos ule samaki wa kuchoma. Bacalhau, yule chewa mkavu wa chumvi, yuko miji yote miwili, na mla ng'onda hatahitaji kuelezwa.

Basi huyu wa siku nne. Aprili hadi Septemba namwambia Porto, siku moja apande treni ya bonde la Douro hadi Pinhão. Miezi mingine, Lisbon bila Sintra. Asizigawe mbili kwa mbili: treni ya Alfa Pendular huchukua kama saa tatu, lakini ukijumlisha kufunga mizigo, kufika stesheni na kusubiri chumba cha hoteli, nusu siku imekwenda.

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anayetoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen, ada ya mtu mzima euro 90 na bima ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Usingoje hizo 15. Viza huombwa kwa nchi utakayokaa zaidi, kwa hiyo mwenye siku mbili Paris na tano Ureno aombe Ureno hata kama ndege itatua Ufaransa.

Aliyejaliwa wiki nzima atake tikiti ya kuingilia Lisbon na kutokea Porto. Shirika la Uturuki, kwa mfano, linatua kote kuwili kutoka Istanbul. Kwenye treni ya kaskazini akae dirisha la kushoto, aone bahari kabla ya Gaia. Atakayelazimika kurudi kwa ndege ya bei nafuu kupitia Lisbon asome tikiti yake vizuri: nyingi huondokea Jengo la 2, na huko metro haifiki, unateremka Jengo la 1 ukasubiri basi la uwanja.