Gari Lililotumika na Ukimya wa Muuzaji

Sehemu kubwa ya magari yanayosajiliwa kwa mara ya kwanza Kenya na Tanzania hayatoki kiwandani moja kwa moja, bali yamekwisha kutumika Japani, nchi ambayo magari yake, kama ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, yana usukani upande wa kulia. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita umri wa miaka 8, na Tanzania hulitoza ushuru wa ziada gari la umri huo, ushuru ambao huzidi tena gari linapopita miaka 10. Baada ya kutoka bandarini, gari hilo huuzwa yadini, kisha huuzwa tena na mmiliki wake wa kwanza nchini, na baada ya miaka michache huuzwa mara ya tatu kupitia dalali. Na katika kila mauzo sehemu ya habari zake hupotea, ama kwa kusahauliwa, ama kwa kufichwa na mtu anayefaidika zikifichwa.

Mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika mwaka 1970 makala iliyolieleza jambo hili, na kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2001. Hoja yake ni kwamba, kwa kuwa muuzaji anaujua ubovu wa gari na mnunuzi haujui, mnunuzi mwenye tahadhari hutoa bei ya wastani, bei ambayo mwenye gari zima huiona ni hasara na kuamua kutouza, ilhali mwenye gari bovu huipokea kwa furaha, hata polepole soko likajaa magari mabovu. Udanganyifu kwa hiyo haumuumizi mnunuzi peke yake; unamwondoa sokoni pia muuzaji mwaminifu.

Udanganyifu ulio mwepesi kufanywa na mgumu kugunduliwa ni wa kurudisha kilomita. Odomita, yaani kihesabio cha kwenye dashibodi kinachoonyesha umbali wote ambao gari limetembea, zamani ilikuwa na vigurudumu vidogo vyenye tarakimu, na aliyetaka kuirudisha nyuma alilazimika kufungua dashibodi na kuvizungusha, kazi ambayo mara nyingi iliacha tarakimu zisizolingana au skrubu zilizokwaruzwa. Odomita ya kidijitali huihifadhi hesabu hiyo ndani ya chipu ya kumbukumbu, na fundi mwenye kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani anaweza kuandika tarakimu anayoitaka bila kuacha alama yoyote inayoonekana kwa macho. Hata Marekani, ambako kumbukumbu za magari huwekwa kwa utaratibu mzuri, mamlaka ya taifa ya usalama barabarani inakadiria kuwa zaidi ya magari 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na odomita zilizochezewa. Ubelgiji ilichukua njia nyingine: tangu mwishoni mwa mwaka 2006 kila gereji inatakiwa kupeleka tarakimu ya odomita kwenye daftari moja la taifa kila inapohudumia gari, na muuzaji analazimika kumpa mnunuzi hati ya kumbukumbu hizo, utaratibu ambao umeupunguza mno mchezo huo. Utaratibu kama huo ungelifaa sana eneo hili, ambako gereji nyingi hazina kumbukumbu zaidi ya daftari la mkononi.

Kwa sasa mnunuzi anabaki na ushahidi ulio ndani ya gari lenyewe. Raba ya pedali iliyolika hadi kuwa laini, usukani unaong'aa pale mikono inaposhika, na ukingo wa kiti cha dereva uliolegea upande wa mlangoni havipatani na gari linalodaiwa kutembea kilomita 50,000. Ushahidi ulio bora zaidi ni kibandiko kidogo cha huduma ambacho mafundi wa Japani hukibandika kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti wanapobadilisha oili, kikiwa na tarehe na kilomita za siku hiyo, na ambacho wauzaji wengi husahau kukibandua kwa kuwa hawawezi kukisoma. Tarehe yake huweza kuandikwa kwa kalenda ya enzi za wafalme, ambapo mwaka wa 25 wa Heisei ni 2013 na mwaka wa kwanza wa Reiwa ni 2019. Kibandiko kinachosema gari lilikuwa na kilomita 110,000 mwaka 2018, kikakutana na odomita inayosoma 72,000 leo, hakihitaji mtaalamu wa kukitafsiri. Vivyo hivyo lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya usalama huwa na tarehe ya kutengenezwa kwake, na mikanda iliyotengenezwa mwaka mmoja baada ya gari inaashiria ama mwaka wa gari umedanganywa, ama gari liligongwa na mikanda ikabadilishwa. Mkanda huohuo ukivutwa hadi mwisho huonyesha pia kama gari liliwahi kuzama kwenye mafuriko, kwa kuwa tope huacha mstari mahali ambapo muoshaji hafiki.

Kwa gari lililonunuliwa mnadani Japani, hati yenye thamani kubwa kuliko zote ni karatasi ya mnada, yaani ripoti ya mkaguzi wa nyumba ya mnada inayoandikwa kabla gari halijashindaniwa. Karatasi hiyo hulipa gari daraja, ambapo 4 na 4.5 ni hali nzuri, 3 ni gari lenye kasoro za kuonekana, na herufi R au RA ni gari lililogongwa na kutengenezwa. Chini yake huwa na mchoro wa gari uliojaa herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa, huku tarakimu inayofuata ikionyesha ukubwa wa kasoro. Kwa sababu karatasi hizi hughushiwa, haifai kuipokea ile inayoletwa na muuzaji kama picha kwenye simu. Nakala itafutwe kwa kutumia namba ya chesisi kupitia huduma huru, kisha ilinganishwe na hati ya Japani ya kufutia usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje, ambayo nayo hutaja kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa serikali.

Hatari nyingine haimo ndani ya injini bali ndani ya umiliki. Gari linaweza kuwa zima kabisa huku likiwa dhamana ya mkopo, au liliingizwa kwa msamaha wa kodi ambao haumhusu mnunuzi mpya, na hivyo kodi ikaanza kudaiwa pale lilipobadilisha mikono. Kanuni ya kale ya sheria ya mauzo inasema kuwa mtu hawezi kumpa mwenzake umiliki ambao yeye mwenyewe hana, kwa hiyo aliyenunua kwa nia njema gari la wizi huondolewa gari na kubaki na madai dhidi ya mtu ambaye pengine hapatikani tena. Nchini Kenya mnunuzi anaweza kutafuta kumbukumbu za gari kwa NTSA, yaani mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, na kutafuta pia kwenye daftari la dhamana za mali zinazohamishika lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Nchini Tanzania kadi ya gari huthibitishwa na TRA, yaani mamlaka ya mapato. Jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayepokea fedha, na dalali asiwe mpokeaji wa fedha hizo kwa hali yoyote. Dalali hupata riziki yake kwa haki pale kamisheni yake inapojulikana. Anapoweka cha juu, yaani nyongeza ya siri juu ya bei ya mwenye gari, huwa na sababu ya kuhakikisha mnunuzi na muuzaji hawakutani, na pale ambapo hawakutani hakuna wa kuulizwa maswali.

Nao uulizaji wa maswali una uzito mkubwa kisheria kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inahesabu kuwa udanganyifu kusema kuwa jambo ni la kweli huku msemaji haamini kuwa ni la kweli, na aliyedanganywa hivyo anaweza kuubatilisha mkataba. Lakini sheria hiyohiyo inaeleza kuwa kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema. Muuzaji ambaye hakuulizwa kama gari liligongwa, naye akanyamaza, ana mahali pa kujifichia. Muuzaji aliyeulizwa kwa ujumbe wa simu kama gari limewahi kugongwa, kuzama au kurudishwa kilomita, naye akajibu kuwa halijawahi, amekwisha kutoa kauli, na kauli hiyo iliyoandikwa ni ushahidi unaopokelewa mahakamani. Swali moja lililoandikwa kabla ya fedha kutolewa kwa hiyo humbana muuzaji zaidi ya kelele zote za baadaye, na anayekataa kuandika jibu la swali jepesi kama hilo amekwisha kulijibu.

Sheria za mauzo ya bidhaa za nchi zote mbili, ambazo mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, humwekea mfanyabiashara wa magari sharti kwamba gari liwe na ubora unaofaa kuuzwa hata kama mkataba hautaji jambo hilo, lakini sharti hilo halimgusi mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani. Kuna kipengele kingine kinachosahaulika: mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua, na kwa hiyo kulizunguka gari mara moja na kupiga teke tairi ni kujinyima haki. Ukaguzi ufanywe na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, asiye na uhusiano na yadi, injini ikiwa ya baridi, na matokeo yaandikwe.

Arubuni, yaani fedha ya kufunga ahadi, itolewe kwa stakabadhi inayosema itarudishwa endapo ukaguzi utaonyesha kinyume cha maelezo ya muuzaji, na salio lilipwe benki siku ya kuhamisha umiliki. Kama udanganyifu utagundulika baadaye, mnunuzi wa Tanzania anaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha katika biashara. Nchini Kenya Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inampa mnunuzi mwaka mmoja tangu kufanya mkataba kutoa taarifa ya kuuvunja kwa sababu ya maelezo ya uongo, na mwenye dai lisilozidi shilingi 1,000,000, kama vile gharama ya kubadilisha giaboksi iliyosemwa kuwa nzima, anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60 na ambako mlalamikaji anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe akiwa na ripoti ya fundi, stakabadhi na ujumbe aliojibiwa.