Jani Moja Halitoshi Kutoa Hukumu

Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 kuna namba ndogo iliyonisumbua kuliko hotuba zote za akili unde nilizowahi kuzisikia: sita. Ni idadi ya majani ambayo programu ya simu iitwayo Nuru inafaa kuonyeshwa kwenye mche mmoja wa muhogo, ili kauli yake kwamba mche ni mzima au mgonjwa iwe na uzito.

Mwandishi mkuu wa utafiti huo ni Latifa Mrisho, wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA). Nuru yenyewe ilitengenezwa na PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kushirikiana na IITA na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Inazungumza Kiswahili, na ikishapakuliwa haidai bando: hufanya kazi hata pasipo na mtandao.

Mrisho na wenzake waliwapima wakulima, maofisa ugani na simu kwa kazi ileile ya kutaja ugonjwa. Wakulima walipatia kwa asilimia 18 hadi 31, maofisa ugani asilimia 40 hadi 58, na Nuru asilimia 65. Msomaji mwenye haraka angefunga karatasi hapo na kutangaza kwamba simu imemshinda bwana shamba. Mrisho hakufunga. Anaendelea kueleza kwamba Nuru ilipoonyeshwa majani sita ya mche mmoja, usahihi wake shambani ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Siri ya majani hayo imo kwenye mche wenyewe. Ugonjwa wa batobato hujitokeza zaidi kwenye majani machanga ya juu, ambayo hujikunja na kuingia mabaka ya kijani kilichopauka. Utitiri wa kijani nao hushambulia kileleni. Ugonjwa wa michirizi kahawia una tabia nyingine: hupenda majani ya chini yaliyokomaa, na manjano yake hufuata vishipa taratibu, kiasi kwamba mtu huweza kudhani jani linazeeka tu. Ubaya ni kwamba dalili za majani zinaweza kuwa hafifu huku mizizi ikioza ardhini, na mwenye shamba akaja kujua siku ya kuvuna. Anayepiga picha jani moja na kutoa hukumu ni sawa na mwalimu anayesahihisha swali moja na kuandika alama za mtihani mzima.

Kwa hiyo usahihi ule ulioongezeka ulitokana na mtu kuuzunguka mche, kuinama na kulipindua jani la chini. Hiyo ndiyo kazi ambayo mabwana shamba wetu wamekuwa wakiifanya kwa miguu miaka yote. Na ile asilimia 18 ya wakulima isisomwe kwa dharau. Mkulima hujua mapema kuwa shamba lake limepata shida. Anachokosa ni jina la shida hiyo.

Kabla ya utafiti huo wa Mrisho, mwaka 2017, Amanda Ramcharan na wenzake walikuwa wametangaza usahihi wa asilimia 93 kwa picha za mihogo zilizopigwa mashambani Tanzania. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya modeli ya simu iliyojaribiwa shambani, humuhumu nchini, kwa vijani 720 vyenye ugonjwa. Hata kwa dalili zilizo wazi, alama ya ufanisi ilishuka kwa asilimia 32, kwa sababu simu iliyapita majani yenye ugonjwa bila kuyaona. Walikiandika kipimo hicho bila kukificha, na kwa hilo nawavulia kofia.

Kwa nini haya yatuhusu Songwe, mkoa unaojulikana zaidi kwa malori ya Tunduma na kahawa ya Mbozi? Kwa sababu ya mahindi, na mdudu anayeyala. Kiwavijeshi vamizi alionekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2017 mkoani Rukwa, kwa jirani zetu, baada ya kuripotiwa Zambia. Nondo wake huruka usiku. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa 2019, hukagua magari; nondo hapangi foleni. Nuru imefundishwa kutambua uharibifu wa mdudu huyu pia, lakini kiwavi hujichimbia kwenye moyo wa mhindi, na alama yake ya Y iliyopinduliwa iko kichwani. Kamera haiwezi kuufungua moyo wa mhindi. Ni lazima mkono uufungue.

Msingi wa kuanzia tunao nchini: Chuo Kikuu cha Dodoma kina maabara ya utafiti wa akili unde, na Neema Mduma wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, pamoja na Hudson Laizer, wameweka hadharani picha zaidi ya 18,000 za majani ya mahindi, mazima na yenye magonjwa. Picha hizo hazina maana mpaka mjuzi aseme kila jani lina nini.

Maswali yanabaki. Je, mahindi ya Kamsamba, kwenye joto la bonde, na yale ya milima ya Ileje yanafanana machoni pa mashine iliyofunzwa kwingine? Mkulima akinunua sumu asiyoihitaji kwa kauli ya simu, hasara ni ya nani? Na picha aliyoipiga shambani kwake inabaki mali ya nani?

Wizara ya Kilimo, vyuo na kituo cha utafiti cha TARI Uyole wana la kufanya kabla ya kuisambaza programu yoyote ya namna hii: waijaribu katika wilaya za Momba, Mbozi na Ileje pamoja na maofisa ugani wa huko, kisha watangaze ilipokosea kwa sauti ileile watakayotangazia ilipopatia. Na bajeti ya akili unde isiyotenga nauli ya bwana shamba bado haijaanza kazi.