Dada, Umefika Ukurasa wa Ngapi?

Ilikuwa msibani, mwaka 2018. Jeneza lilikuwa limekwisha kuwekwa mbele ya kanisa, na mzee wa kanisa akasimama kusoma historia ya marehemu. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja tu. Mama yule alizaa watoto saba, akawasomesha kwa kuuza ndizi na maziwa, akaongoza kwaya, akawauguza wakwe zake wawili mpaka mwisho. Lakini mwaka wa kuzaliwa kwake ulikuwa wa kukisia, jina la bibi yake mzaa mama halikujulikana, na jinsi alivyompokea Bwana hakuna aliyeweza kueleza. Watoto wake walitazamana. Wa kumwuliza ndiye aliyekuwa amelala ndani ya jeneza.

Sisi akina mama watano tuliokaa benchi moja siku ile tulirudi nyumbani kimya. Kabla ya kuagana tuliahidiana kwamba kila mmoja ataandika habari za mama yake mzazi, au zake mwenyewe, ili watoto wetu wasije wakapatwa na aibu ile.

Daftari lililobaki jeupe

Mwishoni mwa mwaka 2019 tulikutana tena arusini. Tukaulizana habari za madaftari. Hakuna aliyekuwa amepita ukurasa wa tatu! Mmoja alisema watoto wamemzidi. Mwingine alisema yeye si msomi, nani atasoma maandishi yake? Wawili kati yetu ni wauguzi, nao walitoa sababu ya zamu za usiku.

Lakini je, ilikuwa ni kukosa nafasi tu? Tulipofikiri zaidi tuliona sivyo. Hakuna muuguzi anayeondoka wodini bila kuandika ripoti, hata awe amechoka namna gani, kwa sababu mwenzake anayepokea zamu ataiuliza. Chakula nacho hupikwa hata siku mama anapoumwa kichwa, kwa kuwa wapo wanaokingoja. Daftari letu halikuwa na mtu wa kulingoja. Ndiyo maana kila siku lilisukumwa mpaka kesho.

Basi tukaamua tungojeane. Kwa kuwa wakati huo mmoja alikwisha kuhamia Dodoma na mwingine Mwanza, mwanzoni mwa mwaka 2020 tulianzisha kundi dogo la WhatsApp. Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Kila Jumapili saa tatu usiku, kila mmoja anatuma picha ya ukurasa mmoja alioandika. Asiyeweza anasema, na anatoa sababu kwa sentensi moja. Matangazo, vichekesho na michango havikuruhusiwa humo. Na aliyenyamaza kabisa, Jumatatu alipigiwa simu: "Dada, umefika ukurasa wa ngapi?"

Swali hilo mwanzoni lilitukera. Baadaye tulianza kulingojea. Mama anazoea kuulizwa chumvi iko wapi na ada italipwa lini. Ni mara chache kuulizwa jambo ambalo ni lake mwenyewe.

Hata hivyo tulijifunza kwamba kuulizana si kusutana. Mwenzetu mmoja aliuguliwa na dada yake, akakaa miezi miwili bila kushika kalamu. Hatukumkumbusha ahadi. Tulimtumia swali moja tu kila juma, kama vile, "Mama yako alikuwa akipika nini siku ya Krismasi?" Alijibu kwa sauti huku akimenya viazi, na mmoja wetu akamwandikia. Kwa njia hiyo hakuachwa nyuma.

Si sisi wa kwanza

Wengine walikwisha kuuona ukweli huu kabla yetu. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama walioishi na virusi vya UKIMWI katika chama cha NACWOLA waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Nyakati zile dawa za kufubaza virusi hazikuwa zimewafikia wengi, na mama aliandika akijua huenda hatakuwapo mtoto akisoma. Waliandika wakisaidiana. Huko huko Kampala, chama cha waandishi wanawake kiitwacho FEMRITE, kilichoanzishwa katikati ya miaka hiyo, kilijenga desturi ya kukutana kila juma na kusomeana kazi zao. Mmoja wa wanachama wake ni Glaydah Namukasa, ambaye ni mkunga. Riwaya yake, Voice of a Dream, ilichapishwa mwaka 2006.

Na kule Marekani mwaka 1999 watu 21, wakiongozwa na Chris Baty, waliahidiana kuandika kila mmoja riwaya ya maneno 50,000 kwa mwezi mmoja. Mpango huo, uitwao NaNoWriMo, ulienea kwa intaneti hadi nchi nyingi, washiriki wakionyeshana hesabu ya maneno yao ya kila siku. Shirika lililousimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga. Jambo kubwa laweza kukoma, lakini akina mama watano wanaopendana hawahitaji ofisi ili waulizane.

Siku tuliyokaribia kuvunjika

Tusifiche neno. Mwaka 2021 mwenzetu mmoja aliandika juu ya miaka ambayo mumewe alikunywa pombe kupita kiasi. Mumewe alikwisha kuacha, na yeye aliandika ili wanawe wajue jinsi Mungu alivyoiokoa nyumba yao. Mmoja wetu akamwonyesha ndugu yake picha ya ukurasa ule, eti amwombee. Haikupita juma moja habari zikawa zimefika kwenye mazoezi ya kwaya.

Mwenye ukurasa alijitoa katika kundi bila kusema neno. Ni mara ngapi sisi wanawake wa kanisa tumesengenyana kwa jina la maombi? Aliyekosa alikiri mbele yetu sote, kisha akasafiri kwenda kuomba radhi uso kwa uso. Alipokelewa kwa chai, lakini msamaha ulichukua miezi saba. Hatukumharakisha mwenzetu, maana jeraha hufunga kwa wakati wake. Aliporudi mwaka 2022 alisema, "Nimerudi kwa sababu ukurasa wangu haujaisha."

Tangu siku hiyo siri ya kundi kwetu ni kama siri ya mgonjwa. Haitoki, hata kwa mume, hata kwa maombi.

Ukiwa unataka kuanza

Tumejifunza haya:

1. Muwe wachache, watatu hadi sita, mnaojuana tabia.

2. Chagueni siku na saa moja. Ukurasa mmoja kwa juma ni kurasa 52 kwa mwaka.

3. Andika kwanza majina, mahali na miaka. Mwulize mzee angali hai, tena asubuhi akiwa hajachoka.

4. Msisahihishane tahajia. Semeni mlichopenda, kisha ulizeni mnachotaka kujua zaidi.

5. Kukumbuka mambo mazito kwaweza kuamsha maumivu. Ukiona usingizi umepotea au huzuni haiondoki siku nyingi, weka kalamu chini, umwone mganga katika kituo cha afya au mshauri unayemwamini.

Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, aliandika Injili yake akimlenga mtu mmoja, Theofilo (Luka 1:1-4). Nasi leo tunamjua Loisi, bibi yake Timotheo, na Eunike mama yake, kwa sababu yupo aliyeyaandika majina yao (2 Timotheo 1:5).

Wawili kati yetu bado hawajamaliza, na tungali tunawauliza. Lakini mwaka 2023 mmoja alifika ukurasa wa mwisho, akaenda kijijini kumsomea mama yake. Bibi alisikiliza, akacheka, akamkatiza: "Hapo umekosea, ng'ombe yule hakuuzwa, aliibwa." Kisha akanyamaza kidogo, akataja jina la mtoto aliyemzika kabla ya hao wote, ambaye hakuna hata mmoja wa watoto wake aliyewahi kumsikia. Jina hilo likaongezwa kwa kalamu pembeni mwa ukurasa. Mwaka uliofuata bibi alilala katika Bwana, na historia yake iliposomwa, mtoto yule naye alitajwa.

Mama mpendwa, mama yako yungali hai? Nunua daftari leo. Kisha mtafute dada mmoja atakayekuuliza Jumapili.