Je, Wajua? Ahadi ya Hewa Ukaa, Kutoka Baku hadi Levolosi

Nchi changa inayokua haraka, je, ijifunge kwa malengo ya kupunguza hewa ukaa, au iachwe kwanza ijenge viwanda? Wakuu wa dunia hulibishania swali hili kila mwaka. Sisi wa kata ya Levolosi, jijini Arusha, chini ya Mlima Meru, linatuhusu kuliko tunavyodhani. Soma haya moja moja, kisha pima mwenyewe.

Je, wajua kwamba Mtanzania wa kawaida hutoa takriban robo tani tu ya hewa ukaa (kaboni dioksidi) kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe? Mmarekani wa kawaida hutoa kama tani 14. Kiasi tunachotoa sisi mwaka mzima, yeye hukitoa kwa wiki moja hivi.

Je, wajua kwamba Afrika yote, yenye karibu watu 18 katika kila 100 duniani, hutoa takriban asilimia 4 tu ya kaboni dioksidi hiyo? Marekani peke yake imetoa kama robo ya yote iliyotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe tangu mapinduzi ya viwanda. Deni hili lina mwenyewe, na kila mazungumzo ya haki yanapaswa kuanzia hapo.

Je, wajua kwamba hasara hufika hata kwa asiye na deni? Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa Kilimanjaro mwaka 1912 imeshayeyuka. Katika mvua kubwa za mwaka 2024, hadi Aprili 25 Serikali ilikuwa imetangaza vifo vya watu 155 nchini. Kusema "hatukuchafua sisi" ni kweli tupu, lakini hakuzuii mafuriko kuingia ndani.

Je, wajua kwamba Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 haukuzipa nchi zinazoendelea lengo lolote la lazima? Ulifuata kanuni kwamba jukumu ni la wote, ila mizigo hailingani. Miezi michache kabla yake, Seneti ya Marekani ilikuwa imeshapiga kura 95 kwa 0 kupinga mkataba wa aina hiyo ambao usingezifunga pia nchi zinazoendelea. Kufika takriban mwaka 2006, China ilikuwa imeipita Marekani kwa wingi wa hewa ukaa. Tangu hapo, hoja kwamba nchi zote zinazokua ziachwe tu haikusimama imara tena.

Je, wajua kwamba chini ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 kila nchi hujipangia lengo lake yenyewe? Hakuna anayeipangia, na hakuna faini kwa atakayelikosa. India imeahidi kwamba ifikapo 2070 haitatoa hewa ukaa zaidi ya ile inayoondoa angani, China kabla ya 2060. Tanzania ilitia saini Aprili 2016 na kuuridhia mwaka 2018.

Je, wajua Tanzania imeahidi nini? Katika ahadi yake ya mwaka 2021 ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Hapa wengi hujikwaa. Asilimia hiyo haikatwi kwenye kiasi cha leo. Inakatwa kwenye kiasi ambacho tungefikia endapo tungeendelea bila kubadili chochote. Tuchukulie leo tunatoa mizigo 50, na kwa mwendo huu tungefika 100. Ahadi inasema tuishie 65 hadi 70. Bado tunakua, bado tunajenga, ila hatufuati njia chafu kuliko zote. Kenya nayo iliahidi asilimia 32, na Uganda 24.7, kwa hesabu ya namna hiyohiyo.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya mzigo wetu haitoki kwenye mabomba ya viwanda? Inatoka msituni na shambani. Takwimu za Serikali zimeonyesha Tanzania ikipoteza takriban hekta 470,000 za misitu kila mwaka, kwa kilimo cha kuhamahama, kuni na mkaa.

Je, wajua nini kinaungua ndani ya jiko? Ingia kwenye vichochoro vya karibu na soko la Kilombero alfajiri: mama lishe anapepea jiko, moshi unampiga usoni, sufuria la maharage linasubiri zamu. Mkaa kaununua kwa kopo, kwa sababu hela ya gunia zima haijapatikana. Katika tanuri la asili la udongo, kilo moja ya mkaa ule huweza kumeza kilo 6 hadi 10 za kuni. Msitu mwingi umeisha hata kabla kiberiti hakijawashwa.

Je, wajua kwamba taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024? Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Gesi ya mtungi nayo hutokana na mafuta ya ardhini, hilo lisifichwe. Lakini mama aliyehamia gesi au jiko la umeme anapumua vizuri na anaacha mti umesimama. Hapo lengo la dunia na nafuu ya nyumbani vinakutana.

Je, wajua kwamba Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, bila kuchoma hata kilo moja ya makaa ya mawe? Na kwamba njia ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya inapita hapa Arusha hadi Namanga? Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda ya kaskazini, kwa kuwa umeme mwingi hupotea njiani ukisafirishwa kutoka mbali. Nchi inaweza kukua kwa umeme wa maji. Kazi iliyobaki ni kuufikisha jikoni kwa bei ambayo mpishi ataimudu.

Je, wajua kwamba msitu uliosimama nao huingiza fedha? Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, mkoani Manyara, wamekuwa wakilipwa kwa kutunza miti yao kupitia biashara ya kaboni kwa zaidi ya miaka kumi. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vimejenga zahanati na madarasa kwa fedha za aina hiyo. Mikataba yake isomwe hadharani, kwa Kiswahili, kabla mwanakijiji hajaweka sahihi.

Je, wajua kwamba soko nalo limeanza kuweka masharti? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umekuwa ukisogezwa mbele, inakataza kuuzwa Ulaya kwa kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Mkulima wa kahawa wa miteremko ya Meru atadaiwa ushahidi wa shamba lake, iwe nchi imeahidi au haikuahidi.

Je, wajua kuhusu fedha? Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka kwa ajili ya tabianchi ifikapo 2020, zikatimiza mwaka 2022. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku, Novemba 2024, ziliahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati mahitaji yaliyotajwa mezani yalikuwa trilioni 1.3. Juu ya kungoja fedha za namna hiyo tulishaonywa na Azimio la Arusha, ambalo makumbusho yake yapo Kaloleni, jirani zetu kabisa. Azimio lile la Februari 1967 lilionya kwamba taifa linalotegemea fedha za wengine kwa maendeleo yake linajidanganya. Onyo hilo halijachakaa. Tudai tunachostahili, lakini mpango wetu usisubiri hundi.

Je, wajua kwamba dai hilo limeshafikishwa mahakamani hapahapa mjini? Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, itoe maoni kuhusu wajibu wa mataifa katika mabadiliko ya tabianchi. Julai mwaka huohuo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema nchi zote zina wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa hali ya hewa.

Basi, tujifunge? Ndiyo, kwa kipimo chetu. Lengo linalomnyima mtu taa au kazi ni dhuluma. Lengo linaloleta umeme wa uhakika, jiko lisilo na moshi na chemchemi isiyokauka ni mpango wa maendeleo, na tungeupanga hata kama Paris isingekuwepo. Mwaka 2030 uko karibu. Katika mkutano ujao wa mtaa, muulize diwani wako maswali mawili: shule na vituo vya afya vya kata yetu vinapikia nini, na bajeti ya kubadilisha majiko hayo imetengwa kiasi gani? Jibu liandikwe kwenye muhtasari.