Kazi za Mbunge (3): Likizo ya Mheshimiwa

Juma lililopita tulimwacha mbunge wetu Kinshasa akijadili bajeti. Leo tumfuate jimboni kwake, Kamina, kwa maana huko ndiko jasho lilipo.

Katiba ya 2006, kifungu cha 115, inampa vikao viwili kwa mwaka: 15 Machi hadi 15 Juni, na 15 Septemba hadi 15 Desemba. Miezi inayobaki huitwa likizo ya bunge, nayo ni ya kurudi kwa waliomchagua, kuwasikiliza na kuandika ripoti. Likizo ya kwanza, ya Desemba hadi Machi, humkuta katikati ya mvua, barabara za Kabongo na Malemba-Nkulu zikiwa tope. Ya pili huishia Septemba, shule zinapofunguliwa. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari ina ada yake, na wazazi hufika mlangoni kabla mgeni hajafungua mizigo. Wengine wana kilio: jeneza, mchele, nauli ya wajomba.

Kifungu cha 101 kinasema mbunge anawakilisha taifa zima na hapokei maagizo ya mtu. Nenda kamweleze hivyo mama aliyefiwa!

Simlaumu anayeomba. Kamina ni mji wa reli: njia itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa, moja ikielekea Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Wafanyakazi wa SNCC, shirika la reli la taifa, wamewahi kukaa miezi mingi bila mshahara. Baba wa namna hiyo akiomba ada ya mtoto, anaomba sehemu ndogo ya jasho lake mwenyewe. Mbunge akitoa noti, jioni mtaa mzima unamsifu. Lakini kifungu cha 138 kinampa silaha nyingine: kumuuliza waziri swali kwa mdomo au kwa maandishi, kumhoji, hata kudai tume ya uchunguzi. Swali moja kuhusu mishahara ya reli lingezigusa nyumba nyingi kuliko mfuko wake. Tatizo ni kwamba linaulizwa mbali, jibu linachelewa, na hakuna anayelihesabu siku ya kura. Noti inahesabiwa, kwa hiyo wengi huchagua noti, na madeni ya kampeni yakiwa bado hayajaisha.

Mbunge wa mkoa ana mzigo wa aina nyingine: kifungu cha 175 kinaiachia mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Safari ya fedha hizo tutaifuata juma lijalo.