Lamu Mashariki: Uchache wa Watu Una Historia Yake

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 22,258 katika eneo bunge la Lamu Mashariki. Gawanya Wakenya 47,564,296 wa sensa hiyo kwa maeneo bunge 290, na kila eneo linatakiwa kukaribia watu 164,015. Lamu Mashariki haifikii hata sehemu moja ya saba ya kipimo hicho. Kwa mwenye kutazama hesabu tu, hukumu ni nyepesi: liunganishwe na Lamu Magharibi. Naamini hukumu hiyo ingekuwa dhuluma.

Tuanze na ardhi na maji yenyewe. Eneo hili lina wadi tatu. Faza imebeba kisiwa cha Pate na miji yake ya kale. Kiunga inafuata pwani kuelekea mpaka wa Somalia. Basuba ni nchi ya msitu, makazi ya Waaweer. Anayetoka Amu kwenda Faza hupita mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko ikiwa imemzunguka pande zote mbili. Maji yakipwa sana, chombo hakipiti. Nahodha hutia nanga akangoja yajae. Sanduku la kura, mwalimu aliyepewa uhamisho na mama aliyeshikwa na uchungu, wote hungoja maji hayo hayo.

Uchache wa watu huku si wa tangu na tangu. Pate ilikuwa makao ya masultani wa Kinabhani, na miji ya kisiwa hicho iliheshimiwa na kuogopwa katika pwani yote. Katika miaka ya 1840, mmoja wa miji hiyo, Siyu, ulirudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na haukutiishwa hadi 1863, enzi za Sultan Majid.

Pigo kubwa lilikuja baada ya uhuru. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwafanya Wabajuni wengi wa bara, upande wa Kiunga, kuacha vijiji na mashamba yao. Baadhi walikimbilia visiwani, wengine Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi tena. Katika muongo uliofuata, serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Mpeketoni, upande wa magharibi, ukavuta wakulima kutoka sehemu nyingine za nchi. Kwa hiyo upande mmoja ulihamwa, na mwingine ukahamiwa. Mwaka 2019 Lamu Magharibi ilikuwa na watu 121,662. Idadi tunayoitumia leo kama kipimo cha haki ni matokeo ya vita na ya sera.

Katiba ya 2010 ililiona tatizo hili nusunusu. Kifungu cha 89 kinaruhusu eneo lenye watu waliotawanyika kupungua chini ya kipimo kwa asilimia 40, na kinataka maumbile ya nchi, historia na njia za mawasiliano zizingatiwe. Lakini asilimia 40 chini ya kipimo cha sasa ni watu wapatao 98,400. Kaunti nzima ya Lamu ina 143,920. Hata ukiigawa sawa kwa sawa, hakuna nusu itakayofika hapo.

Kilicholiokoa eneo hili mwaka 2012 ni Jedwali la Sita la Katiba, lililokataza mapitio ya kwanza ya mipaka kufuta eneo bunge lolote lililokuwapo. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja tu. Muda wa mapitio ya pili ulipita Machi 2024, tume ya uchaguzi ikiwa haina makamishna, na swali likabaki mezani.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Ruiru ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 370,000, nayo ina mbunge mmoja. Mkazi wa Ruiru ana haki ya kulalamika, na dawa yake ni kuongezewa uwakilishi pale alipo. Kumpokonya Mbajuni mbunge wake hakumpunguzii msongamano.

Wengine wamekwisha kulitatua jambo hili. Visiwa vya magharibi mwa Uskoti, vyenye wapiga kura wapatao 21,000, vina mbunge wao tangu 1918. Katika uchaguzi wa Uingereza wa 2024, eneo bunge la kawaida lilitakiwa kuwa na wapiga kura wasiopungua 69,724. Visiwa hivyo havikuguswa, kwa sababu sheria inavitaja kwa jina.

Kenya nayo inaweza kuandika hivyo katika Katiba yake: kwamba maeneo machache ya visiwa na ya mipakani, yakitajwa kwa majina, hayatafutwa kwa kigezo cha idadi. Kazi hiyo ni ya Bunge, na ifanywe kabla tume haijaanza kuchora mipaka mipya.